Je, Wajua? Chanjo ya Kuku Ina Anwani Yake

Je, wajua kwamba dawa zote za mifugo katika orodha ya kimataifa ya ATCvet huanza na herufi Q? Orodha hiyo hutunzwa Oslo, Norwei. Ukiona I baada ya Q, umefika kwenye dawa za kinga: chanjo, seramu na jamaa zake. Kwa binadamu herufi hiyo haitumiki. Chanjo zetu ziko chini ya J.

Je, wajua kwamba mnyama hutajwa kabla ya ugonjwa? Ndege ni 01, ng'ombe 02, mbuzi 03, kondoo 04, farasi 05, paka 06, mbwa 07, sungura 08, nguruwe 09, samaki 10. Ngamia, pamoja na ukubwa wake wote, hana namba yake. Panya na jamaa zake wamepewa 11.

Je, wajua kusoma QI01AD06? QI01 ni ndege, A ni kuku, D ni virusi hai, 06 ni mdondo, ambao wengine huuita kideri. Chanjo ya I-2 inayovumilia joto hubebwa hadi kijijini ikiwa imefungwa kwa kitambaa kibichi ndani ya kikapu. Kuku hulazwa ubavu, jicho likaangalia juu, tone moja likadondoshwa, akasubiriwa apepese. Jicho moja latosha. Baada ya miezi mitatu au minne, anashikwa tena.

Je, wajua kwamba herufi ikiwa A mahali pa D, virusi vimeshauawa? Ndiyo hali ya QI07AA02, chanjo ya kichaa cha mbwa.

Je, wajua kwamba bakteria wa chanjo ya T1/44, inayokinga homa ya mapafu ya ng'ombe, walitoka kwa ng'ombe wa Tanganyika? Walipitishwa kwenye mayai yenye vifaranga mara 44, na hiyo 44 ikabaki kwenye jina.

Je, wajua kwamba kuna chanjo inayotengenezwa kwa kusaga kupe? Ni ile ya ndigana kali, iliyobuniwa Muguga, Kenya. Kupe walioambukizwa husagwa, vimelea vikachujwa na kuhifadhiwa vikiwa hai ndani ya nitrojeni kimiminika. Siku ya chanjo ndama hudungwa vimelea hivyo, na papo hapo hudungwa antibiotiki ya oksitetrasaiklini ya kuvituliza. Yaani anapewa ugonjwa na dawa yake kwa mkupuo mmoja! Kisha anavishwa hereni sikioni. Kwa mantiki ya orodha, mahali pake ni herufi N, vimelea hai. Kwangu mimi hakuna chanjo yenye ujasiri kuliko hii.

Je, wajua kwamba Muguga hiyohiyo ndiko Walter Plowright alikotengeneza chanjo ya virusi hai ya sotoka? Mwaka 2011 sotoka ilitangazwa kutokomezwa duniani.

Je, wajua kwamba si kila kilichomo kwenye QI ni chanjo? M ni seramu, kama ile ya pepopunda: humpa mnyama kinga iliyokwisha kutengenezwa, nayo huisha baada ya wiki chache. R ni vipimo. Tubakulini hudungwa kwenye ngozi ya shingo ya ng'ombe, na baada ya saa 72 uvimbe hupimwa. T ni ya dang'a. Hata chanjo za kuvu zina herufi zake: P kwa kuvu walio hai, Q kwa waliouawa.

Je, wajua kwamba chanjo ya kimeta ina mbegu hai za bakteria, kwa hiyo antibiotiki huiua? Kwa ndigana kali antibiotiki ni lazima; kwa kimeta inaharibu kazi. Basi daktari wa mifugo akifika zizini, mwambie kwanza ni ng'ombe yupi aliyechomwa sindano ya antibiotiki wiki hii.