Kwa Nini Tundu la Mraba Hugharimu Zaidi



Katika kupitia makadirio ya mabamba ya alumini yanayofungwa mbele ya masanduku ya umeme wa jua, baadhi ya kamati za sharika zimetuuliza, na mfadhili mmoja naye ametuandikia, kwa nini karakana hutoza zaidi tundu la mraba la mita kuliko tundu la mviringo la swichi, ilhali bamba ni lile lile na mashine ni ile ile. Swali hili ni la haki, kwa kuwa fedha ni zenu. Tunaomba kulijibu, pamoja na kueleza kosa tulilolifanya wenyewe.

Mashine ya kuchonga metali hukata kwa kikatio kinachozunguka, na kitu kinachozunguka hakiwezi kuchonga kona kali ya ndani. Kikipitishwa kwenye mistari ya mraba, pande zote nne hunyooka vizuri, lakini kila kona hubaki na mviringo ambao nusu kipenyo chake ni sawa na cha kikatio. Kikatio chenye kipenyo cha milimita 3 huacha mviringo wa nusu kipenyo cha milimita 1.5. Ukipima kwa mshazari kutoka pale ncha ya kona ilipotakiwa kuwa, utakuta kama milimita 0.6 za alumini zimebaki. Kwa macho ni kidogo sana, lakini kifaa chenye kona kali hakitaingia kwenye tundu lililochongwa kwa kipimo chake kamili. Akitokea mtu wa kukigonga kwa nyundo, bamba hupinda na kifaa hupasuka.

Basi kwa nini kisitumike kikatio chembamba zaidi? Hapo ndipo tulipojikwaa. Katika oda yetu ya kwanza tuliandika "kona kali" kwa matundu yote, bila kupima kifaa chochote. Fundi alitii, akaweka kikatio cha milimita 1. Sasa, kikatio kikipunguzwa unene mara 3 kwa urefu ule ule, ugumu wake wa kutopinda hupungua mara 81. Aidha, alumini ni laini, na ikipata joto hunata kwenye meno ya kikatio. Maranda yakikosa pa kutokea, kikatio hukatika. Bamba lenyewe nalo, likiwa na unene wa milimita 2 tu, hutetemeka lisipolazwa na kubanwa vizuri juu ya ubao. Kuna hatari nyingine pia: kipande cha katikati kinapoachia mwishoni huruka na kugonga kikatio, kwa hiyo ni lazima kiachiwe vishikizo vidogo vya kukatwa baadaye kwa mkono. Tulivunja vikatio vyote tulivyonunua, na mabamba sita yakaenda kwenye chakavu.

Baada ya hapo ndipo tulipochukua mita na kuipima, jambo ambalo lilipaswa kuwa la kwanza. Mita nyingi za kufungwa kwenye bamba hufuata vipimo vya kimataifa: ile yenye uso wa milimita 96 kwa 96 huhitaji tundu la 92 kwa 92, na inaruhusiwa kuzidi hadi milimita 0.8. Maana yake ni kwamba uso wa mita hufunika karibu milimita 2 kila upande. Kona hazionekani kabisa! Tulikuwa tukilipia uzuri ambao hakuna atakayeuona.

Kwa mita ya namna hiyo njia rahisi ni kukipeleka kikatio kile kile cha milimita 3 ndani ya kona mpaka duara lake liguse ncha yenyewe. Kona hubaki na kitundu kinachotokeza nje ya mstari kwa chini ya nusu milimita, uso wa mita hukifunika, na kifaa huingia bila kugongwa. Kazi hii haihitaji kikatio kipya wala saa za ziada.

Pale tundu linapobaki wazi na kuonekana, mashine hufanya sehemu yake na mkono humalizia. Fundi hutumia tupa ndogo bapa yenye ubavu mmoja usio na meno, ili anaponyoosha upande mmoja asiule ule wa pili. Hupaka chaki kwenye tupa ili alumini isizibe meno. Bamba lenye matundu matatu lina kona 12, na kila moja hupigwa tupa kidogo kidogo na kupimwa kwa kujaribisha kifaa. Ni muda huo mnaouona kwenye makadirio, na kwa maoni yetu ni fedha halali.

Tumeulizwa pia kama hakuna keekee ya kutoboa mraba moja kwa moja. Ipo, tena ya zamani: Harry James Watts alipata hataza zake nchini Marekani mwaka 1917. Hata hivyo huhitaji kiongozi cha mraba juu ya kazi na kishikio maalumu, na bado kona zake hubaki na mviringo kidogo. Hatutainunua.

Kwa bamba linalofungwa kwenye jenereta au pampu inayotetemeka, tafadhali msidai kona kali hata kidogo. Nyufa hupenda kuanzia hapo, na mviringo ulioachwa na mashine ndio unaofaa.

Kuanzia oda zijazo, kamati ilete kifaa chenyewe, au karatasi ya vipimo iliyokuja nacho, na ionyeshe kama ukingo wake unafunika tundu. Oda isiyo na kifaa wala karatasi haitapokelewa. Yale mabamba sita tumeyakata kuwa vifuniko vidogo vya masanduku ya nyaya, na hasara iliyobaki haikuandikwa kwenye hesabu ya usharika wowote.