Tochi ya askari haina kazi ndani ya shimo

Sokoni kuna tochi fulani nyeusi, ya chuma chepesi, ambayo wauzaji wanaiita "tochi ya askari". Muuzaji akiibonyeza, mwanga unapiga ukuta wa ng'ambo hata kama ni mchana, na kijana aliyeshuka kutoka Rubaya na franga zake za wiki anaona kwamba amepata. Bandugu wachimbaji, na ninyi mama zetu munaofanya hesabu ya nyumba, jambo hili linaomba maneno machache. Mtu akiishiwa na mwanga mita 20 chini ya udongo, haoni tena kamba iko wapi, na haoni kama mti unaoshikilia dari umeanza kupasuka.

Tuanze na kazi ya ile tochi. Mfano wake ni taa ndogo ambayo askari na polisi wa nchi nyingi wanafunga chini ya mtutu wa bastola. Wanaifunga pale kwa sababu mkono mmoja unashika silaha na wa pili unapaswa kubaki huru. Mwanga wake ni mwembamba na unaenda mbali, ili askari ajue kama mtu aliye mbele yake amebeba bunduki ao amebeba simu. Anaiwasha sekunde chache, anaona, anazima. Kwa mwanga mkubwa, nyingi za taa hizo hazifiki masaa 2. Kwa askari yanatosha. Kwa mtu anayeingia shimoni asubuhi na kutoka jioni, hayafiki hata saa ya chakula.

Kuna jambo lingine ambalo polisi wanafundishwa na linatufaa sisi pia. Taa ya bastola inatazama pale mtutu unapotazama, kwa hiyo polisi anakatazwa kuitumia kutafuta-tafuta vitu, juu ya kuangaza mtu ni sawa na kumlenga. Taa inafuata chombo. Mchimbaji anataka taa inayofuata macho, na mahali pake ni kichwani. Munajua ile desturi ya kufunga tochi ya mkono kichwani kwa kipande cha mpira wa tairi: wazo ni zuri, lakini chombo si chake. Inateleza jasho likishuka, inavuta shingo, na mwanga wake unapiga mahali pamoja tu kama jicho la sindano. Tochi ya kichwa yenye mwanga mpana inaonyesha kwa mara moja mkono, nyundo, ukuta na dari. Ukiona dari wakati unapiga jiwe, utaona pia udongo unaoanza kudondoka.

Muuzaji atakuambia habari ya lumeni. Lumeni ni hesabu ya mwanga wote unaotoka, haisemi unaenda wapi. Mshumaa unatoa karibu lumeni 12. Katika njia nyembamba ambamo mtu anatambaa, sisi tunaona lumeni 100 mpaka 200 za mwanga mpana zinatosha kabisa. Zikiwa 1,000, vumbi na jiwe lenye maji vinakurudishia mwanga machoni, na mwenzako ukimgeukia anabaki kipofu kwa muda. Ile namna ya kumweka-mweka haraka iliwekwa makusudi ya kusumbua macho ya adui. Shimoni adui huyo ni ndugu yako anayekupitishia mfuko. Kama kitufe kinakulazimisha kupita kwenye kumweka-mweka kabla ya kuzima, hiyo tochi muiache kwa muuzaji.

Sasa masaa. Hapa ndipo watu wanadanganywa zaidi. Betri nyingi za kuchaji katika tochi hizi ni zile za mviringo zinazoitwa 18650, maana yake upana ni milimita 18 na urefu milimita 65. Mukikuta moja imeandikwa 9,900 mAh, ni uongo. Betri nzuri ya kipimo hicho inafika karibu 3,500, na nyingi za soko ziko chini sana ya hapo. Hesabu yenyewe si ngumu: betri yenye 2,000 kweli, na tochi inayokula 500 kwa saa, utapata masaa 4. Betri ya kweli ina uzito wa gramu 45 hivi, kwa hiyo ile inayokuwa nyepesi kama kopo tupu mkononi ina sababu yake. Hata maandishi ya kwenye karatoni yanahitaji kusomwa kwa akili. Kwa kipimo kinachotumiwa na viwanda vingi, saa inahesabiwa mpaka mwanga ushuke kwenye asilimia 10 ya ule wa kwanza. "Masaa 8" inaweza kuwa masaa 3 ya kazi na masaa 5 ya kupapasa.

Dawa yake iko nyumbani na haiombi franga. Siku ya kununua, tochi isiende shimoni. Ichajiwe mpaka ijae, iwashwe jioni juu ya meza, na mtu wa nyumba aandike saa ilipowashwa na saa ambapo hawezi tena kusoma herufi za gazeti hili kwa mwanga wake. Hiyo ndiyo hesabu ya kuamini. Mahali ambapo hakuna umeme wa kila siku, na kuchaji ni kwa sahani ya jua ao kwa jenereta ya jirani, tochi inayokubali pia mawe ya kawaida ya dukani ina faida kubwa. Na betri ya lithiamu ambayo ngozi yake imechanika, iliyovimba, ao iliyoingia maji, musiichaji tena. Inaweza kuwaka moto, na wengi wanaichaji usiku pembeni ya kitanda cha watoto.

Kuhusu maji, angalieni herufi IPX. IPX4 inavumilia matone tu. IPX7 inavumilia kuzama mita 1 kwa dakika 30, na hiyo ndiyo ya kutafuta, kwa sababu mvua za milima ya Masisi na maji ya mashimo ya Walikale tunayajua wote.

Lakini kuna kitu ambacho hakuna tochi yoyote, ya bei yoyote, itakuambia. Hewa. Wazee waliochimba kwa mshumaa walikuwa na shahidi: hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21 hivi, na ikishuka kwenye 16 ao 17 mwali unazimika. Taa ya umeme inaendelea kuwaka hata kama mwenye kuivaa amekwisha kuanguka. Hatusemi murudie mishumaa, juu ya mwali wenyewe unakula hewa ya watu, na moshi wa sumu wa injini hauzimi mshumaa. Tunasema mwanga mzuri unadanganya moyo. Motopompi ikiingizwa ndani ya shimo, moshi wake una monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu, na inaua watu wakiwa wanaona vizuri kabisa kwa tochi zao mpya. Injini ibaki nje, mbali na mlango, bomba ndilo liingie. Sheria inaweka mwisho wa shimo la mchimbaji wa mkono kwenye mita 30. Tunajua mashimo mangapi yamepita hapo, na PDG wa shimo anajua zaidi yetu.

Na njia ya kurudi? Rubaya ilibadilisha wenye silaha mwisho wa mwezi wa nne 2024, Walikale-centre iliona yake mwezi wa tatu 2025. Usiku, mwanga mwembamba mweupe unaotokea mbali haumwambii mtu wa bariere kwamba wewe ni mchimbaji anayeenda kula. Unamwambia kitu kingine. Kama ni lazima kutembea, tochi ya kichwa iwekwe kwenye mwanga mdogo, iinamishwe kwenye miguu, na mkifika karibu na watu mutoe sauti kwanza, musiwapige mwanga usoni. Hiyo ni sababu yetu nyingine ya kuikataa ile tochi ya askari, hata ikiwa imeuzwa nusu bei.

Kama mfuko unaruhusu moja tu nzuri, hata hivyo ingieni na mbili: ile nzuri kichwani, na ndogo ya bei rahisi, yenye mawe yake mapya, imefungwa kwa kamba shingoni ndani ya shati. Ile ndogo isitumiwe kutafutia ndoo wala kuwashia watoto usiku. Mama wa nyumba aijaribu kila asubuhi kabla mtu hajatoka.