Frigo ya moto haitoi baridi: shida iko wapi?



Mara hii tunaongea juu ya frigo. Siyo ile ya umeme yenye kunguruma mu jikoni. Ni ile isiyo na moteri, yenye kutumika kwa moto wa gazi ao wa petroli. Hapa Nyawera wengi hawajaiona. Lakini kule nguzo za umeme hazifike, watu wanaijua tangu zamani: misioni, maduka, na zaidi vituo vya afya. Wazungu wanaiweka hata mu nyumba zao za magurudumu, zile wanazovuta na motokari wakati wa likizo. Leo vituo vingi vimepata frigo za jua, lakini zile za moto hazijaisha. Ikikosa baridi, watu wanasema upesi: «Frigo imekufa.» Mara nyingi haijakufa. Inakosa pumzi tu.

MOTO UNALETA BARIDI NAMNA GANI?

Mu mwaka wa 1922, wanafunzi wawili wa chuo cha ufundi cha Stockholm, kule Uswidi, Baltzar von Platen na Carl Munters, walitengeneza frigo hii. Walikuwa vijana wa miaka ishirini na kitu. Mu 1925 kampuni Electrolux ilianza kuiuzisha.

Ndani ya mirija yake muko vitu vitatu: maji, amonia na hidrojeni. Moto unachemsha maji yenye amonia. Amonia inatoka kama mvuke, inapanda juu nyuma ya frigo. Pale inapoteza joto lake mu hewa na kugeuka maji-maji. Kisha inaingia mu sehemu ya baridi, inakutana na hidrojeni, na inageuka mvuke tena. Ili igeuke mvuke lazima ipate joto, na joto hilo inalitosha mu vyakula ao mu dawa. Njo maana vinapoa. Mwishoni maji yanameza ile amonia na kuirudisha ku moto.

Muone basi: joto lote lazima litoke kwa mugongo wa frigo. Kama halipate njia ya kutoka, baridi haiwezi kuja, hata mukiongeza moto.

TUFUATE NJIA HII, MOJA KWA MOJA

1. Termometre kwanza. Musipime kwa mukono. Frigo hii ni ya polepole. Kisha kila mabadiliko mungoje siku moja nzima mbele ya kusoma tena.

2. Isimame sawasawa. Ndani hamuna moteri ya kusukuma. Vitu vinashuka kwa uzito wavyo. Ikiinama, vinasimama njiani. Mutie nivo ya fundi masoni juu yake. Kama hamuna nivo, sahani yenye maji inatosha.

3. Muangalie moto. Uwe wa rangi ya buluu. Ukiwa wa manjano unatoa masizi, na masizi yanafunga bomba la moshi. Muzime, mungoje ipoe, mupanguse bomba na brosi yake, mukate utambi vizuri. Kama ni ya gazi, tundu ndogo ya gazi isafishwe kwa alkoli. Sindano hapana! Inapanua tundu na moto unaharibika. Tukumbuke pia kama Bukavu iko karibu metre 1.500 juu ya bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ile ya pwani, kwa hiyo moto unachafuka upesi.

4. Hewa ya nyuma. Hapa njo shida nyingi zinatokea. Mutie mukono karibu na mirija ya juu, bila kuigusa. Kama ni moto sana na ndani ya frigo baridi haipo, joto limefungiwa. Muvute frigo mbali na ukuta, shubiri moja ao zaidi. Mutoshe makartoni, vitambaa na nyavu za buibui. Hewa ya baridi inaingia kwa chini, ya moto inatoka kwa juu. Kama frigo iko ndani ya kabati, inaomba matundu mawili, moja chini na moja juu. Kuko kipimo chepesi: mufungue nafasi yote nyuma, ao mupepee na vantilateri usiku mzima kama umeme uko. Asubui termometre ikishuka, munajua mwizi ni nani. Lakini upepo wa dirisha usipige moto, utauzima.

5. Mlango. Mufungie karatasi mu mlango na kuivuta. Ikitoka bila nguvu, mupira wa mlango umechoka. Barafu ikiwa nene kama kidole, muiyeyushe. Na mutu asiingize sufuria ya moto.

6. Kama yote ni sawa na baridi haiji, mirija imeziba ao imepasuka. Mukisikia harufu kali ya amonia, ao mukiona unga wa manjano nyuma, muzime moto, mufungue madirisha, musiguse ule unga: ni sumu. Hapo dawa ni kubadilisha.

KWA NINI JAMBO HILI NI KUBWA?

Chanjo nyingi za watoto zinaomba baridi ya digri 2 mpaka 8. Joto linaharibu chanjo ya surua. Ile ya tetanosi, kinyume chake, inaharibika ikigeuka barafu. Wakati wa likizo niliona ku kituo kimoja cha afya, frigo imebanwa ukutani, nyuma mumejaa makartoni. Kila siku muuguzi aliongeza moto. Tulipoivuta na kusafisha, baridi ilirudi. Lakini kwa sababu moto ulikuwa ungali mukubwa, kesho yake termometre ilisoma chini ya sifuri! Basi mukisha kufungua hewa, mupunguze moto. Na chupa ya chanjo iliyoharibika haionyeshe alama kila mara. Mama anaenda nyumbani akifikiri mutoto wake amekingwa, kumbe hapana.

Neno la mwisho: moto huu unakula hewa yetu pia. Mu chumba kilichofungwa unaweza kutoa gazi isiyo na harufu yenye kuua. Mutu asilale pale, hata kama inje kunanyesha na chumba kile njo chenye joto.

Wenye frigo hii ku kwao waanze na ile namba 1 siku ya kufika likizo. Mwenye kuona kitu tofauti atuandikie, tutakichapa mu namba ijayo.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa sita