Mjumbe Hauawi

Msomaji, ukifika soko la Otonglo, njia ya Kisumu kwenda Busia, kijiji cha Nyahera hakiko mbali. Huko ndiko alikozaliwa Dakta Robert Ouko mwaka 1931. Alianza na chaki ya ualimu, akasoma Addis Ababa na Makerere, akawa waziri katika Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyovunjika 1977. Mara mbili alishika uwaziri wa Mambo ya Nje, akaisemea Kenya mbele ya mataifa.

Februari 1990 alitoweka nyumbani kwake Koru. Maiti yake ikaonekana kilimani Got Alila. Tume iliundwa, ikavunjwa 1991 kabla haijamaliza kazi.

Wahenga walinena, mjumbe hauawi. Wetu aliuawa, wala hakuna aliyehukumiwa.