Eka ya Miguu na Eka ya Kamba

Katika vijiji vingi vya Tanzania eka hupimwa kwa miguu: hatua 70 huku, hatua 70 kule, basi. Mwenye hatua ya sentimita 90 anapata mita 63 kila upande, na hiyo ni eka kamili kasoro kidogo. Jirani yake mrefu, anayetupa mita nzima kwa hatua, anapata mita za mraba 4,900 badala ya 4,047. Wote wawili wakivuna magunia manane ya mahindi, kijiji kitasema wametoka sare. Wapi!

Kumbukumbu nayo hudanganya. Mwaka 2018 wachumi Sam Desiere na Dean Jolliffe walichapisha uchunguzi wa mashamba ya Ethiopia. Kwa hesabu za mdomo za wakulima, mashamba madogo yalizaa zaidi kwa hekta kuliko makubwa, jambo ambalo wachumi wamelibishania kwa miongo. Mazao yalipokatwa na kuwekwa kwenye mizani, tofauti ikayeyuka.

Kukata huko kuna utaratibu. Chagua mahali kwa bahati nasibu, si pale mahindi yanapopendeza macho, kisha zungushia mraba wa mita 5 kwa 5. Vuna, pukuchua, kausha, pima. Kila kilo ni sawa na kilo 162 kwa eka. Kilo tano, basi, ni magunia manane ya kilo 100. Mraba usiwe mdogo mno: huko India, miaka ya 1940, mtakwimu P. V. Sukhatme alionyesha kuwa miraba midogo huzidisha makadirio ya mavuno, kwa sababu wapimaji huingiza mimea ya mpakani.

Na kukausha si urembo. Kilo 1,000 zenye unyevu wa asilimia 20 hubaki 925 unyevu ukishuka hadi 13.5.

Utamu wa mraba huo ni kwamba unaonyesha pia ugonjwa ulipo. Kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30, mbegu moja kila shimo, iwemo mimea 111 hivi. Ikiwa 70, kosa lilianza siku ya kupanda, na hakuna mbolea ya kukuzia inayorutubisha mmea ambao haupo. Ikiwa imetimia lakini magunzi ni membamba, tazama udongo, palizi, mvua, au gugu la kiduha.

Kamba ya mita 20 yenye fundo kila mita tano inatosha kuzungushia mraba huo. Pembe zikikaa sawa, ulalo wake ni mita 7 na sentimita 7.