Bluu ya Kamati ya Harusi

Katika kazi zote zinazopita mezani kwangu Kariakoo, kadi za harusi ndizo zenye kesi nyingi. Kitabu cha risiti kikitoka na kijani kilichopauka kidogo, nani atauliza? Lakini kamati ikishapitisha bluu, mashangazi wakashona sare, mapambo yakalipiwa, kadi ikija zambarau utaitwa kikaoni.

Mimi ndiye ninayekagua faili kabla halijatolewa pleti za kuchapia. Dizaina analeta kazi inayowaka kwenye simu yake, na kweli inawaka: kioo hutengeneza rangi kwa taa nyekundu, kijani na bluu, ndiyo RGB. Karatasi haina taa. Wino hunyonya sehemu ya mwanga wa chumbani na kuurudisha uliobaki. Nasi tuna wino wa aina nne tu, sayani, majenta, njano na nyeusi, yaani CMYK, kila mmoja na pleti yake. Machungwa kali, kijani cha limau na ile bluu ya kamati vimo kwenye simu. Kwenye wino huo havimo.

Ukiacha programu ibadilishe bluu hiyo yenyewe, mara nyingi itakupa majenta karibu sawa na sayani, na hapo ndipo zambarau inapozaliwa. Shusha majenta. Sayani ikiwa asilimia 100, mimi huweka majenta 70 au chini ya hapo. Bluu itapoa kidogo, lakini itabaki bluu.

Dhahabu ndiyo balaa. Hakuna mchanganyiko wa aina hizo nne za wino unaometameta. Utapata rangi ya haradali. Anayetaka mng'ao alipie wino wenye chembe za metali, au foili inayogandishwa kwa joto. Bei inapanda, na ni haki ipande.

Maandishi madogo yawe nyeusi tupu, asilimia 100 ya wino mweusi, mingine sifuri. Ukiyajenga kwa rangi zote nne, pleti moja ikisogea unywele tu, jina la bwana harusi linaota kivuli. Eneo kubwa jeusi ni habari nyingine: hapo naongeza sayani 60, majenta 40 na njano 40 ili weusi ushibe. Usijaze zote 100, maana karatasi italowa wino na kuchafua mgongo wa mwenzake.

Picha ya maharusi iwe na nukta 300 kwa inchi katika ukubwa itakaochapwa. Ukiituma kwa WhatsApp, itume kama hati, la sivyo itaminywa njiani. Kadi ya A5 ni milimita 148 kwa 210. Rangi ya nyuma ipitilize milimita 3 kila upande, faili liwe 154 kwa 216, kisu kisije kikaacha uzi mweupe pembeni.

Halafu karatasi yenyewe. Ile laini ya kung'aa hushikilia wino juu. Bondi huunywa, nukta zikatanuka, rangi zikafifia na kuwa nzito. Faili moja, karatasi mbili, bluu mbili. Kwa hiyo prufu, yaani nakala ya majaribio, itolewe kwenye karatasi inayofanana na ya kazi, mwenyekiti wa kamati aisaini, tena aitazame barazani mchana. Taa za dukani kwetu nyingine zina unjano, nyingine ubluu, na kila moja ina maoni yake.

Kama bluu hiyo haina mjadala, kuna njia ya wino maalumu: rangi ya tano iliyochanganywa tayari kwa namba ya kitabu cha Pantone. Ni pleti ya ziada na mashine kuoshwa, kwa hiyo kwa kadi chache sikushauri. Ila mkiamua hivyo, dada yangu, usinitumie picha ya kitambaa. Niletee kipande chenyewe, hata cha kiganja, tukiweke juu ya kitabu tuchague namba pamoja.