Katapila la jeshi na fedha ya mahindi: mama ana haki ya kuuliza spea

Mahindi yakishapata mnunuzi, ndani ya nyumba nyingi za Songea huanza mazungumzo ambayo wazazi hawapendi watoto wayasikie. Fedha hiyo ina wenyewe wengi hata kabla haijafika: ada za shule, mabati, mbolea ya msimu ujao, deni la dukani. Katikati ya hesabu hizo baba anarudi jioni kutoka Mfaranyaki na habari ya mashine.

Tuseme mazungumzo yanakwenda hivi. "Mama watoto, kuna katapila linauzwa. La zamani, lakini chuma chake ni cha jeshi, hakifi." Mama anaendelea kuchambua maharage. "Na spea zake zinapatikana wapi?" Baba anakohoa kidogo. "Zitatafutwa."

Neno hilo "zitatafutwa" liliwahi kuitia hasara kubwa serikali ya Uingereza, na hasara hiyo ilitokea katika nchi hii hii. Wazee wanaukumbuka mpango ule kwa jina la karanga. Mwaka 1946, Vita Kuu ya Pili ikiwa imekwisha na Waingereza wakiwa bado wanapata mafuta ya kupikia kwa mgawo, walikuja wataalamu wakiongozwa na John Wakefield kuangalia kama Tanganyika ingeweza kulima karanga kwa wingi. Mwaka uliofuata kazi ilianza Kongwa, baadaye Urambo na Nachingwea. Nachingwea wakati huo ilikuwa katika Jimbo la Kusini pamoja na Songea, kabla Mkoa wa Ruvuma haujaundwa.

Lengo lilikuwa kufyeka zaidi ya ekari milioni 3, sehemu kubwa ikiwa Tanganyika. Kwa mikono isingewezekana, zilitakiwa mashine za cheni. Lakini viwanda vilikuwa vimelemewa na oda baada ya vita, na matrekta mapya ya ukubwa huo hayakupatikana. Wanunuzi wakaenda kwenye maghala ya mabaki ya vita, hadi Ufilipino ambako jeshi la Marekani lilikuwa limeacha mitambo yake. Zikanunuliwa mashine kuukuu, za aina mbalimbali, nyingi zikiwa zimechoka tayari, zikapakiwa melini kuja Dar es Salaam.

Kilichofuata fundi yeyote wa Songea angeweza kukitabiri. Kabla mwaka 1947 haujaisha, theluthi mbili hivi ya matrekta yaliyoletwa yalikuwa hayafanyi kazi. Udongo wa Kongwa ukikauka unakuwa mgumu kama saruji, na una mchanga unaokula chuma kama tupa. Mashine za aina nyingi maana yake ni spea za aina nyingi, na ya hii haiingii kwenye ile. Mwaka huo walitarajia ekari 150,000. Zilizopandwa hazikuzidi kama ekari 7,500.

Kuna sehemu ya kisa hiki ambayo wapenzi wa magari ya kivita duniani huisimulia kwa kicheko. Kiwanda cha Vickers cha Uingereza kilichukua vifaru vya Sherman, kikaondoa mizinga na silaha, kikavigeuza kuwa matrekta kwa ajili ya mpango wa karanga. Wakayaita Shervick, jina lililoungwa kutokana na Sherman na Vickers. Kwenye karatasi wazo lilipendeza, maana vifaru vilikuwa vimejaa na vita imekwisha. Lakini kifaru kimetengenezwa kukimbia, kupanda na kugeuka. Trekta la kung'oa visiki linatakiwa kuvuta taratibu kutwa nzima, siku baada ya siku. Hizo ni kazi mbili tofauti, na chuma kinene hakibadilishi jambo hilo. Vifaru vile havikuuokoa mpango.

Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha, na pauni milioni 36 na nusu zikafutwa vitabuni. Kongwa ikabaki na ranchi ya ng'ombe. Reli iliyojengwa kwa ajili ya Nachingwea iling'olewa miaka ya 1960, na watu wa Ruvuma hadi leo wanasubiri ile ya Mtwara hadi Mbamba Bay. Kilichobaki cha maana zaidi pengine ni ujuzi: vijana wa Kiafrika waliojifunza udereva na ufundi kwenye karakana zile, wakaondoka nao.

Turudi kwa baba na mama.

Anayenunua mashine ya cheni, iwe ya jeshi au ya kampuni ya barabara, huvutwa na injini. Anaiwasha, inanguruma, moshi ni mweusi kidogo, anafurahi. Injini kwa kweli ndiyo rahisi. Fundi wa dizeli hakosekani Songea, na pampu au ringi za pistoni hupatikana kwa kuhangaika. Kinachofilisi kiko chini. Cheni, rola, magurudumu ya mbele na gurudumu lenye meno linalovuta cheni vinaweza kula hata nusu ya gharama zote za matengenezo ya mashine ya aina hiyo.

Cheni yenyewe ni vipande vya chuma vilivyoungwa kwa pini inayopita ndani ya bushi. Kila inapozunguka, pini inasugua bushi. Baada ya muda nafasi inaongezeka, na ingawa hakuna chuma kilichovutika, cheni nzima inakuwa ndefu. Hapo haikai tena sawasawa kwenye meno, nayo meno yanaanza kuchongoka kama ya msumeno. Mnunuzi asiyejua huambiwa "kaza tu cheni". Kukaza kunaficha ugonjwa kwa wiki chache, huku kukimaliza kilichobaki.

Kipimo hakihitaji elimu kubwa. Cheni ikivutwa ikanyooka, pima kwa futi ya chuma kutoka pini ya kwanza hadi ya tano, kisha linganisha na kipimo cha kiwanda. Angalia meno: yakiwa makali, hesabu gharama ya cheni na meno pamoja, maana cheni mpya juu ya meno mabovu huharibika upesi. Angalia kama rola zinavuja mafuta. Kama bushi zimelika upande mmoja tu, kuna nafuu: fundi mwenye vifaa anaweza kuzing'oa pamoja na pini na kuzizungusha nusu mzunguko, upande mzima ukaanza kazi. Ni kazi ya jasho, lakini inaongeza maisha ya cheni.

Swali la mama linarudi pale pale. Spea ya mashine ya miaka mingi haiombwi kwa jina tu. Inaombwa kwa namba iliyogongwa kwenye kibati au kwenye mwili wa mashine. Kibati kimeng'olewa, rangi imepakwa juu ya namba, basi mwenye duka Gerezani kule Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900 kutoka Songea, atakachokutumia kwa basi ni kubahatisha. Wengine hununua mashine mbili mbovu ili moja iilishe nyingine. Si wazo baya, ila linafaa kama zote mbili ni za namba moja. Wengine humwendea fundi wa kukereza. Anaweza kutoa bushi yenye umbo sahihi kabisa, lakini kama ni chuma laini ambacho hakijapitishwa motoni kikakomazwa, itakwisha kabla ya msimu.

Na kuna karatasi. Chombo kilichokuwa cha jeshi au cha taasisi ya serikali lazima kiwe na historia inayoeleweka: kiliuzwa kwa mnada upi, nani alikinunua, kodi imelipwa. "Nilipewa na afande" si hati. Kuna usafiri pia, kwa sababu mashine ya cheni haitembezwi juu ya lami. Inabebwa na trela, na trela linalipwa kwenda na kurudi.

Ulaya hali ni nyingine. Kule wapo watu wanaomiliki vifaru kwa starehe, na makumbusho ya Bovington nchini Uingereza yamefufua kifaru cha Kijerumani kiitwacho Tiger 131, kilichotekwa Tunisia mwaka 1943, kikawaka na kutembea. Ilichukua miaka mingi na fedha nyingi, na hakuna aliyekitegemea kulipa ada ya mtoto.

Kwa baba wetu wa mfano, safari ya kwenda kuiona mashine haijafutwa. Ila sasa wanakwenda watatu: yeye, mama, na fundi ambaye si rafiki wa muuzaji. Fundi analala chini ya mashine. Mama ameshika ncha moja ya futi, baba ameshika nyingine.

"Soma tena, baba watoto," anasema mama. "Hapo umeanzia pini ya pili."